Mji Uliopandishwa kwa Jeki

SEHEMU YA KWANZA

Alisimama katikati ya sebule, shoka mkononi, akaanza kuikata sakafu ya nyumba aliyoijenga mwenyewe.

“Mume wangu, umerukwa na akili?” mkewe alipiga kelele.

“Maji tukiyafungia nje yataibeba nyumba,” alijibu bila kuinua uso. “Tukiyakaribisha ndani, yataikalia.”

Pigo la tatu, ubao ukaachia. Maji ya chumvi yakachomoza kwenye tundu kama chemchemi, yakatambaa chini ya viti. Binti yao wa miaka tisa, aliyekuwa amepandishwa juu ya meza, aliona kiatu chake kimoja kikielea taratibu kuelekea jikoni.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 8 Septemba 1900, katika mji wa Galveston, jimbo la Texas, Marekani. Msomaji wangu, familia hii usiitafute kwenye kumbukumbu. Nimeiumba mimi ili mimi na wewe tupate mlango wa kuingilia. Lakini shoka ni la kweli: siku ile wenye nyumba kadhaa walitoboa sakafu zao ili nyumba ziwe nzito, zising’olewe na maji. Na hayo mengine utakayosoma juu ya mji huu, yalitokea.

Galveston umejengwa juu ya kisiwa chembamba cha mchanga kwenye Ghuba ya Mexico. Mwaka ule ulikuwa na watu wapatao 38,000. Pamba ya Texas ilipitia bandarini kwake, na mtaa wa Strand ulikuwa umejaa benki na maghala. Lakini tajiri na kibarua walikanyaga mchanga uleule. Sehemu ya juu kabisa ya mji, kwenye barabara ya Broadway, haikufika hata futi 9 juu ya usawa wa bahari. Hizo ni pungufu ya mita 3. Dari ya chumba ulichoketi sasa huenda iko juu zaidi.

Si kwamba hawakuonywa. Kusini-magharibi mwao, kwenye pwani hiyohiyo, palikuwa na mji wa bandari ulioitwa Indianola. Kimbunga cha mwaka 1875 kiliuvunja, wenyewe wakaujenga upya. Kimbunga cha 1886 kikaumaliza, waliosalia wakafunga virago. Galveston walitikisika, wakasema nao wajenge ukuta wa bahari. Wakajadili weee, jua likatoka, wakasahau. Mwaka 1891 Isaac Cline, mkuu wa ofisi ya hali ya hewa mjini hapo, aliandika gazetini kwamba kudhani kimbunga kinaweza kuuangamiza Galveston ni upuuzi. Mtaalamu ameshasema, nani abishe?

Kwa hiyo asubuhi ya Jumamosi hiyo, maji yalipoanza kuingia mitaani, watoto walitoka kuyachezea. Binti yetu naye alikuwemo, sketi ameikunja kiunoni, mpaka mama yake alipomwita. Mama alikuwa amesimama kando ya ngazi ya mbele akifunga kamba kwenye mti wake wa oleanda, ule wa maua ya waridi, usivunjwe na upepo. Alikuwa ameupanda mwaka aliojifungua. Kwake mti ule na mtoto yule walikuwa pacha.

Adhuhuri hakuna mtoto aliyekuwa akicheza. Alasiri, vigae vya paa vilikuwa vikiruka hewani kama visu. Jioni, baba akachukua shoka.

Ilipofika saa moja na nusu usiku, kikatokea kitu ambacho Isaac Cline, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa nyumba yake, alikuja kukiandika kwenye ripoti: maji yalipanda ghafla futi 4, kwa muda wa sekunde 4 hivi.

Kwenye nyumba yetu, meza iliinuka na mtoto juu yake. Baba alimdaka binti kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa umeshika kiganja cha mkewe. Mlango ukapasuka, na boriti ya paa la jirani ikaingia ndani ikisukumwa na wimbi, imewaelekea wao watatu.

Ili waikwepe, alihitaji mkono mmoja wa kushika nguzo ya ngazi.

Alikuwa na miwili tu, na yote ilikuwa imeshika mtu.

ITAENDELEA

SEHEMU YA PILI

ILIPOISHIA: Maji yamepanda ghafla, boriti inakuja, na baba hana mkono wa tatu. SASA ENDELEA…

Aliushika mhimili wa ngazi kwa mkono wa kushoto.

Maisha yake yote hakupata kujua kama ni yeye aliyemwachia mkewe au mkewe ndiye aliyejichomoa. Alichokumbuka ni vidole vikilegea vyenyewe, na macho ya mama yakimtazama mtoto, si yeye. Boriti ikapita. Ilipokwisha kupita, mahali aliposimama mkewe palikuwa na maji matupu.

Jumapili kulikucha anga ya buluu na bahari tulivu, utadhani si yenyewe. Nyumba ilikuwa imesimama. Tope lilifika dirishani, na lile tundu la shoka lilikuwa likinyonya maji polepole, likikoroma. Baba alitoka mlangoni akatazama upande wa bahari. Mtaa baada ya mtaa, hapakuwa na nyumba. Palikuwa na rundo moja refu la mbao, paa, piano na vitanda, limejipanga kama boma. Nyumba zilizong’olewa mbele ndizo zilizowakinga waliokuwa nyuma.

Nyumba zipatazo 3,600 zilikwisha. Waliokufa mjini wanakadiriwa kuwa kati ya 6,000 na 8,000. Mpaka leo Marekani haijapata kuona janga la asili lililoua watu wengi kuliko hilo. Isaac Cline, yule wa upuuzi, alipoteza mke, naye alikuwa mjamzito. Katika kituo cha yatima cha St. Mary’s, ufukweni, masista walijifunga watoto viunoni kwa kamba za kuanikia nguo ili wasitawanyike. Masista walikuwa 10, watoto 93. Walionusurika ni wavulana watatu walioning’inia kwenye mti. Maiti zilipopatikana, kamba zilikuwa bado zimefungwa.

Jumatatu, watu wenye bunduki walikuja mtaani kwao.

Hapa inabidi nikwambie jambo ambalo sijalisema. Baba huyu alikuwa mtu mweusi. Wazazi wake walikuwa watumwa hadi tarehe 19 Juni 1865, siku amri ya kuwaachia huru watumwa wa Texas ilipotangazwa katika mji huohuo wa Galveston. Sasa, miaka 35 baadaye, wanaume weusi walikusanywa kwa mtutu wa bunduki, wakapewa wiski, wakaambiwa wapakie maiti kwenye tishari. Maiti zipatazo 700 zilipelekwa kutoswa baharini. Kwa kila mwili alioubeba, alitazama kwanza vidole.

Bahari ikazirudisha. Siku zilizofuata maiti zilionekana tena ufukweni, na ndipo mji ulipoamua kuchoma. Mioto iliwaka kwa majuma. Binti aliuliza mara moja tu, “Baba, Mama yuko kwenye moshi?” Baba hakujibu, na mtoto hakurudia.

Likabaki swali moja midomoni mwa watu: tuondoke au tukae? Mfano wa Indianola ulikuwa palepale. Wengi waliondoka bila kugeuka nyuma. Waliobaki, mwezi Novemba 1901, wakakabidhi swali hilo kwa wahandisi watatu. Mmoja alikuwa Henry Martyn Robert, jenerali mstaafu. Huenda umewahi kukaa kwenye kikao ambapo mtu anasema “naunga mkono hoja”. Robert ndiye aliyeandika, mwaka 1876, kitabu cha kanuni za mikutano ambacho Wamarekani wanakitumia hadi leo. Wa pili ni Alfred Noble, wa tatu H. C. Ripley aliyekuwa akiijua pwani hiyo vizuri.

Januari 1902 walileta jibu lenye vipande viwili. Cha kwanza, jengeni ukuta wa zege mbele ya bahari, futi 17 kwenda juu, zaidi ya mita 5. Watu wakaitikia kwa vichwa. Cha pili kiliwafanya watazamane: ukuta peke yake hautoshi, kwani maji yakishauruka yatauweka mji kwenye karai. Basi inueni mji wenyewe. Ardhi ilingane na ukuta upande wa bahari, kisha iteremke taratibu kuelekea bandari, ili maji yakiingia yapate njia ya kutokea.

Mji mzima: barabara, nyumba, makanisa, mabomba na makaburi.

Siku moja mpima ardhi alifika mlangoni kwao na kifaa chake cha miguu mitatu. Binti alikuwa na miaka kumi na miwili sasa. Mpima alichungulia, akaandika kwenye daftari, kisha akachora mstari wa chaki kwenye nguzo ya baraza. Binti alisogea akasimama chini ya mstari. Ulikuwa juu ya kichwa chake.

“Mchanga utafika hapo,” mpima akasema.

“Na nyumba yetu?” baba akauliza.

“Mchanga utaletwa na mji, mzee. Kuinua nyumba ni juu ya mwenye nyumba. Kwa gharama yake.”

“Asiyeweza?”

Mpima alikuwa ameshaanza kukunja miguu ya kifaa chake. “Mchanga hausubiri,” alisema.

Ndani ya bweta la baba mlikuwa na senti za unga wa wiki moja.

ITAENDELEA

SEHEMU YA TATU

ILIPOISHIA: Mstari wa chaki umepita kichwa cha binti, na baba hana hela ya kuinua nyumba. SASA ENDELEA…

Usiku ule baba hakulala. Alfajiri alimwamsha binti. “Mwanangu, mimi ni seremala. Wanaoinua nyumba watahitaji maseremala. Nitajifunza kwa nyumba zao, kisha nitainua yetu.”

Ukuta ulianza kwanza, Oktoba 1902. Nguzo za mbao zilipigiliwa chini kabisa mchangani, juu yake zege likamiminwa: upana futi 16 kwenye kitako, futi 5 kileleni, na uso wa mbele umekunjwa kama kiganja ili wimbi likija lirushwe juu na nyuma. Kaunti iliuza hati za dhamana za dola milioni 1.5, na wenyeji wenyewe, wengi wakiwa bado na matanga, wakazinunua. Julai 1904, ukuta wa zaidi ya maili 3 ulisimama.

Kisha ikaja kazi ambayo hata walioipanga waliisema kwa sauti ya chini. Mchanga wa kuinua kisiwa utatoka wapi? Ukiuchota kisiwani utaongeza mashimo. Kampuni ya Goedhart na Bates ikaja na jibu: utoke chini ya bahari, kwenye mlango wa bandari. Wakauchana mji tumboni. Walichimba mfereji wenye upana wa futi 200 na kina cha futi 20 kupita katikati ya makazi, na nyumba kama 350 zikahamishwa kuupisha. Meli za kunyonya mchanga zilijaza matumbo huko nje, zikaingia kwa mfereji hadi kwenye mitaa ya watu, zikaunganishwa na mabomba, zikatapika. Uji wa mchanga na maji ya chumvi ulisambaa ndani ya matuta waliyoyazungushia kila eneo. Maji yakajichuja na kurudi, mchanga ukabaki. Kesho yake tena. Miezi, kisha miaka.

Lakini kabla uji haujafika, kila kilichokuwa juu ya ardhi kilipaswa kupanda: nyumba, uzio, choo cha nyuma, bomba la maji, reli za tramu. Majengo zaidi ya 2,000 yaliinuliwa. Kanisa la St. Patrick’s, lenye uzito wa tani 3,000, lilipandishwa futi 5 kwa jeki 700, na ibada hazikusimama.

Ajabu yake ni jeki yenyewe. Ni skrubu nene ya chuma iliyosimama kwenye kitako, na shimo la kuingizia mtaimbo. Ukiuzungusha mtaimbo, skrubu inapanda. Mtoto anaweza kuizungusha. Ugumu hauko kwenye nguvu, uko kwenye umoja. Jeki mia zikipanda na moja ikachelewa, nyumba inabeba uzito wake vibaya: ukuta unapasuka, mlango unakataa kufungwa. Ndiyo maana walizungusha robo. Ishara ikitolewa, wote wanazungusha robo ya mzunguko, wanasimama. Ishara, robo. Ishara, robo. Kwa kila robo nyumba inapanda kiasi ambacho jicho halioni.

Siku ya nyumba yao ilifika Jumapili, maana siku za kazi baba alikuwa kwenye jeki za wengine. Majirani walikuja na mitaimbo yao, kwa zamu ya kusaidiana: leo kwako, kesho kwangu. Boriti zilipitishwa chini ya sakafu. Binti alipewa sufuria na mwiko. Dirishani baba aliweka bilauri iliyojaa maji hadi ukingoni.

“Ikimwagika, tumekosana,” aliwaambia.

Binti akapiga sufuria. Robo. Akapiga. Robo. Jasho likawatoka, nyumba ikawa inalia misumarini kama ngalawa kwenye mawimbi. Walipofika futi mbili, wakapanga magogo chini yake wapumzike. Walipoendelea, jirani mmoja, mtu wa mbavu nene, akazungusha nusu badala ya robo. Bilauri ikainama. Tone moja likateremka kwenye kioo.

“Rudisha!” baba alinguruma. “Robo, ndugu yangu. Usitushinde kwa nguvu.”

Hadi magharibi nyumba ilikuwa imesimama juu ya miguu ya magogo kama korongo, na kimo alichokionyesha mpima kwa chaki kilikuwa sasa chini ya miguu ya binti. Bilauri ilipungua tone lile moja tu.

Basi mji ukahamia hewani. Watu walikwenda sokoni, shuleni na kanisani juu ya njia za mbao zilizonyanyuliwa, mahali pengine juu kuliko kimo cha mtu. Kikapu kikidondoka, umekipoteza. Chini, uji wa baharini uliletwa na samaki wafu ndani yake, ukaoza juani. Mbu walinona. Na chumvi ikaanza kuua kila chenye mzizi: mialoni, bustani, nyasi. Kijani kikawa rangi ya kusimuliwa.

Hapo ndipo binti, sasa msichana wa miaka kumi na minne, alipoukumbuka mti wa oleanda. Ulikuwa palepale chini, kando ya mahali ilipokuwa ngazi ya mbele. Kamba aliyoifunga mama yake siku ile ilikuwa bado kwenye shina, imeshikamana na gome.

“Baba, tuung’oe.”

“Kesho, mwanangu. Wamesema eneo letu ni kesho kutwa.”

Lakini jioni hiyo alimwona fundi wa bomba akizunguka na kuondoka kwa haraka. Binti akachukua jembe na debe, akateremka kwa ngazi ya kamba hadi kwenye ardhi ya zamani. Kulikuwa na giza chini ya nyumba, na kimya. Alichimba akizunguka shina, kama mama yake alivyomfundisha, asikate mizizi.

Mzizi wa mwisho ulikuwa umekwenda chini sana. Alikuwa amepiga magoti, mkono wote umeingia ardhini, aliposikia bomba likikohoa.

Mara moja. Mara mbili. Kisha likanguruma.

ITAENDELEA

SEHEMU YA NNE NA YA MWISHO

ILIPOISHIA: Binti yuko chini ya nyumba akichimbua mti wa marehemu mama yake, na bomba limefunguliwa. SASA ENDELEA…

Uji ulikuja bila wimbi. Ulikuja kama uji kweli, mzito, baridi, ukitembea kwa tumbo. Ulipofika kwenye magoti yake, alivuta mguu, mguu ukakataa. Alivuta wa pili, kiatu kikabaki. Akaukumbatia mti na debe lake, akapiga kelele jina moja tu analoliita kila mtoto aliyekwisha kumkosa mama: “Baba!”

Juu, baba alikuwa akivua buti. Alisikia sauti ikitoka chini ya sakafu, palepale chini ya ubao mpya alioutia kuziba tundu la shoka. Hakutafuta ngazi. Alitambaa hadi ukingoni mwa baraza, akalala kifudifudi kwenye boriti, akateremsha mikono yote miwili.

“Liachie debe!”

“Siliachii!”

Uji ulikuwa kiunoni mwake. Baba akamtazama, akaona alichokumbatia, na kamba ile kwenye shina. Hakumwambia tena aachie. Alimshika kwapani kwa mikono miwili, akavuta. Tope likavuta upande wake. Jirani yule mwenye mbavu nene akafika, akamshika baba miguu.

“Robo robo,” baba alisema kwa meno. “Usivute kwa pupa, utamvunja. Robo. Robo.”

Tope likaachia kwa sauti ya busu. Msichana akatoka amekumbatia debe. Safari hii mikono miwili ilitosha.

Kufika asubuhi, mahali alipokuwa amepiga magoti palikuwa chini ya mchanga, na wiki chache baadaye pakawa chini zaidi ya kimo chake. Mpaka leo papo hapo, na kiatu kimo.

Kufikia mwaka 1911 kazi ilikuwa imekwisha. Mchanga ulioingizwa kisiwani ulikuwa yadi za ujazo zaidi ya milioni 16, kwenye mitaa kama 500. Hata wafu hawakuachwa: kwenye makaburi ya Broadway ardhi ilipandishwa juu ya makaburi ya zamani, mawe ya majina yakasimikwa upya juu. Galveston ukawa mji wenye mji mwingine chini yake.

Lakini ulikuwa mji wa mchanga mweupe, mkavu, usio na kivuli. Wanawake ndio waliosema kwamba kuishi si kutokuzama tu. Walikuwa na chama chao cha kulinda afya, kilichoanzishwa mwaka 1901, baada ya kimbunga. Wakahimiza udongo mzuri uletwe, wakapanda mialoni, mitende na oleanda kwa maelfu. Msichana wetu alitoa vipandikizi. Oleanda haina makuu, inaistahimili chumvi, na tawi lake likichomekwa linashika. Kwenye mtaa wao, kila oleanda ilikuwa mtoto wa ule mti wa debe.

Ndipo bahari ikarudi kukagua kazi.

Tarehe 16 Agosti 1915, kimbunga kingine kiliuelekea Galveston, kikiwa na nguvu za kulinganishwa na kile cha 1900. Giza lilipoingia, binti, sasa mwanamke wa miaka ishirini na minne mwenye mtoto wake mwenyewe, alimkuta baba ameketi katikati ya sebule. Nywele zilikuwa zimeota mvi. Shoka lilikuwa magotini.

“Baba, lete hilo.”

“Niache, mama,” alisema, akimwita hivyo kwa mara ya kwanza. “Kama yatakuja, najua pa kukata.”

Mtoto alilala. Wao wawili hawakulala. Walisikiliza mawimbi yakipiga ukuta, mapigo yaliyotikisa bilauri kabatini. Huko ukutani merikebu ya matanga iliyoitwa Allison Doura ilisukumwa na bahari ikagongwa hadi ikavunjika. Saa moja na nusu usiku ikafika. Baba akaushika mpini wa shoka. Binti akaweka mkono wake juu ya mkono wa baba.

Maji yakapanda ngazi ya kwanza. Yakapanda ya pili.

Yakasimama.

Alfajiri shoka lilikuwa bado magotini, na sakafu haikuwa na tundu. Mjini hasara ilikuwepo: maji yaliingia mitaa ya biashara kutokea upande wa bandari, na nyumba zilizokuwa nje ya ukuta zilikwenda. Lakini waliokufa kisiwani safari hii walihesabiwa kwa makumi, si kwa maelfu.

Watu wakausifu ukuta, na unastahili. Baadaye uliongezwa hadi kufikia urefu wa maili kama 10. Lakini mimi niliyewasimulia sitaki muondoke na ukuta peke yake kichwani. Ukuta ulijengwa na wahandisi na dhamana za kaunti. Mji uliinuliwa na watu waliotoa senti za unga, waliotembea juu ya mbao kwa miaka saba, na waliokubali kuzungusha robo wakati nguvu ya kuzungusha nusu wanayo.

Wala bahari haijakata tamaa. Septemba 2008 kimbunga Ike kilipofika, ukuta ulisimama imara kwa mbele, maji yakaingia kwa nyuma, kutoka kwenye ghuba ya bandarini, yakaujaza mtaa wa Strand. Yalipotoka yaliacha chumvi. Miti kama 40,000 ilikufa, mingi ikiwa ile mialoni iliyopandwa baada ya kimbunga kikubwa. Wenyeji hawakung’oa yote. Baadhi ya mashina makavu yalichongwa sanamu, ndege na samaki na malaika, nayo yamesimama mbele za nyumba.

Ukifika Galveston, pita barabara ya Broadway, usimame mbele ya jumba la matofali la Ashton Villa, lililojengwa mwaka 1859. Utaona uzio wake wa chuma ni mfupi ajabu. Usidhani fundi alikosea vipimo. Unaona sehemu ya juu tu. Iliyobaki imo chini ya mchanga, ambako watu wa mji huo walikuwa wakitembea zamani.

MWISHO